Mwenye Nyumba Aliyefagia Bahari

Mwenye nyumba wetu wa Buffalo alisimama kama mtu anayengoja sakafu imrushe. Magoti yake hayakunyooka kabisa, na uzito wote aliuweka kwenye vidole vya miguu. Alisimama hivyo mbele ya jiko, mbele ya sinki, kwenye foleni ya duka la dawa, na kanisani kwao siku aliyotualika. Mimi kazi yangu wakati ule ilikuwa kuhudumia wazee majumbani, na nilikuwa nimeona miguu ya kila aina: iliyovimba, iliyopinda, iliyokataa kabisa. Miguu ya kusimama namna ile sikuwahi kuiona. Nilimshauri akamwone daktari. Akaniambia miguu yake ilifundishwa, haiumwi.

Nyumba yake ilikuwa Riverside, karibu na mto Niagara, nyumba ya mbao ya ghorofa mbili kama zilivyo nyingi kule. Yeye aliishi chini, sisi tukapanga juu: mimi, mume wangu na watoto wanne, tuliotoka kambi ya wakimbizi Burundi na kabla ya hapo Kivu. Alikuwa Mmarekani mweusi, mrefu, karibu na miaka tisini, mjane. Majirani walisema siku aliyomzika mkewe alirudi nyumbani, akabadilisha nguo, akakata majani ya mbele ya nyumba. Waliisema habari hiyo kwa kumlaumu. Sisi tulimwita Muzee. Alidhani ni cheo, akakikubali. Mimi aliniita binti, ingawa nilikuwa na mtoto mwenye umri wa kuolewa.

Hakuna kitu kilichomshtua. Mwaka wetu wa kwanza, tawi kubwa la mti lilivunjika kwa uzito wa theluji likaangukia gari lake. Sisi tulishuka ngazi tukikimbia. Yeye alitoka na kikombe cha kahawa mkononi, akaangalia paa la gari lilivyobonyea, akanywa, akarudi ndani. Esther, binti yangu mkubwa, akaniambia, "Mama, he's not okay." Lakini ukimwangalia usoni hukuona hasira wala huzuni. Ulikuwa uso wa mtu aliyesomewa taarifa ya hali ya hewa.

Tulipompelekea shida yoyote, kama bomba linalovuja au barua ya shule tusiyoielewa, swali lake la kwanza lilikuwa hilohilo: "Kinaelea, au kimefungwa chini?" Mwanzoni tulifikiri uzee umemwingia kichwani. Baadaye tukazoea. Kitu kinachoelea kilikuwa shida unayoiona, na hicho kwake hakikuwa shida.

Kitu kimoja tu alikiogopa, au niseme alikikataa, maana woga sikuuona. Hakushuka kwenye chumba cha chini ya ardhi, ambacho wote huku tunakiita besimenti. Mashine ya kupasha nyumba joto ilikuwa huko, na tanki la maji ya moto, na swichi za umeme. Umeme ukikatika, aliita juu: "Binti!" Nami nikashuka na tochi, yeye akisimama mlangoni, magoti yamelegea vilevile, akinielekeza kwa mdomo ndani ya nyumba aliyoinunua mwenyewe tangu ujana wake. Nikikawia, aliita tena. Nikipanda, alifunga mlango nyuma yangu kwa komeo.

Kisha akaja shemeki wangu, mdogo wa mume wangu, na mkoba mmoja. Alikuwa ametokea Arizona ambako kazi ilimshinda kwa joto. Kwetu juu hapakuwa na pa kuweka hata mkeka. Mume wangu aliwaza sana, halafu akasema, "Bon, kule chini iko nafasi. Tumuwekee matela ya kulalia kule, mpaka apate nyumba yake. Muzee hatajua, yeye hashukake kule."

"Atajua," nikamwambia.

"Donc, tumuulize."

Tukashuka wote watatu kumwuliza. Tulitegemea atakataa kwa sababu mkataba ulisema watu sita, na sasa tulikuwa saba. Kuhusu watu saba hakusema chochote. Alisikiliza mpaka mume wangu akataja besimenti.

"Hakuna mtu atakayelala chini," akasema.

"Ni muda kidogo tu, Muzee. Kuko safi, kuko na joto."

"Hakuna mtu atakayelala chini ya nyumba hii."

Sauti haikupanda. Akaenda kwenye kabati, akatoa blanketi mbili na mto, akazitandika juu ya kochi la sebuleni kwake. Akamwonyesha shemeki kwa kidole. Shemeki hakujua Kiingereza wakati ule. Aliniangalia akaniuliza, "Anasema nini, huyu muzee?" Nikamwambia anasema ulale hapa. Alilala pale majira yote ya baridi. Walikuwa wanaangalia televisheni pamoja bila kuelewana neno, mmoja anacheka, mwingine anaangalia.

Siku zake zilikuwa na utaratibu mmoja. Asubuhi alioka mkate, na mkate wake ulikuwa mzuri kuliko wa dukani. Mchana alivaa koti, akatembea mpaka ukingo wa mto, akaangalia maji. Hakuvua samaki. Hakukaa kwenye benchi. Wavuvi walimsalimu naye akainua kidole. Niliporudi kazini mapema nilikuwa nampitia turudi wote, kwa sababu barafu ya njiani ilianza kumtisha binti yake, ambaye alikuwa Louisville na alinipigia simu kila Jumapili kuniuliza habari za baba yake.

Mchana mmoja nilimkuta amesimama mbali na maji kuliko kawaida. Katikati ya mto kulikuwa na kitu cheusi cha mviringo kinaelea. Nilipoangalia vizuri nikaona ni mfuko wa takataka uliojaa hewa. Aliutazama mpaka mkondo ukaupitisha. Kisha akasema, "Ule ungekuwa na pembe."

Nilimwuliza pembe gani. Tukatembea, na njiani akanieleza kwa mara ya kwanza. Alieleza kama anavyoeleza jinsi ya kubadilisha chujio la mashine ya joto.

Alipokuwa na umri wa Esther alijiunga na jeshi la majini. Wakati ule kijana mweusi katika jeshi hilo, mara nyingi, alipewa kazi ya jikoni na kuwahudumia maofisa mezani. Akapelekwa kwenye meli ndogo ya mbao. Mbao, kwa sababu mabomu mengine ya baharini yalikuwa yanasikia chuma. Meli ya chuma ikipita juu yake, yanalipuka. Vita vikaisha. Watu makwao walicheza barabarani, wakabusiana, wakaanza kurudi. Meli yake yeye ilipewa kazi. Bahari za Japani zilikuwa zimejaa mabomu, ya Wajapani na ya Wamarekani wenyewe, na mabomu hayakuwa yamesikia kwamba vita vimeisha. Ilibidi mtu apite ayafagie.

"Mnafagiaje bahari?" nikamwuliza.

"Kama nyumba. Unaanzia upande mmoja, unakwenda, unageuka, unarudi."

Walivuta nyuma ya meli waya mrefu wenye meno. Bomu limefungwa kwa mnyororo chini ya bahari, halionekani. Waya ukikata mnyororo, bomu linaibuka, jeusi, la mviringo, lina pembe ambazo zikigongwa linalipuka, maji yanatiririka juu yake. Hapo mpiga bunduki analipiga risasi mpaka lilipuke au lizame. Amri ilikuwa kwamba meli ikifagia watu wote wawe juu, na kofia za chuma na majaketi ya kuelea, magoti yalegee, wasikanyage kwa visigino. Bomu likilipuka chini ya meli, sitaha inapanda ghafla na kuvunja mifupa ya aliyesimama wima. Na aliye chini ya sitaha hatoki.

"Wote juu," nikasema.

"Wote. Ila viazi vilikuwa stoo. Na stoo ilikuwa chini. Na maofisa walipenda kahawa." Akatembea kidogo. "Mtu wa kushuka alikuwa mimi."

Sikumwuliza zaidi siku ile. Hata hivyo nilipopita kwenye mlango wa besimenti jioni, niliangalia lile komeo.

Nisije nikamchora kama mtakatifu. Alikuwa mgumu, na mara nyingine mbaya. Alikataza viatu vya watoto kwenye ngazi. Alimfukuza mchungaji wetu mlangoni kwa sababu alipaki mbele ya gereji. Tukiimba kwenye maombi ya Ijumaa, aligonga dari kwa mpini wa ufagio. Binti yake alipompigia simu alijibu ndiyo na hapana, kisha akanipa simu mimi, na nikasikia upande wa pili mwanamke mzima anavuta pumzi kabla ya kusema, "Haya, niambie wewe anaendeleaje." Aliniambia siku moja kwamba hakumbuki baba yake akimkumbatia. Hakusema kwa kulalamika. Alisema, "Alitulisha tu. Alitulisha vizuri sana."

Ni kweli, kulisha alijua. Nilipougua mafua alipanda ngazi na sufuria ya supu ya maharage, akaiweka mezani, akasimama pale kwa vidole vyake mpaka nikala, halafu akaondoka na kijiko. Watoto wangu, ambao nikiwasemesha Kiswahili wananijibu Kiingereza, walishuka kwake kila alasiri kula mkate na kuulizwa kama shida zao zinaelea.

Habari ya rafiki yake niliipata kwa sababu ya nywele. Nilikuwa nawanyoa wanaume wetu nyumbani kwa mashine, kuokoa gharama, na Jumamosi moja nilikuwa nimemkalisha shemeki kwenye kiti nyuma ya nyumba. Muzee alitoka akaketi kwenye ngazi kutuangalia. Nikamwambia akitaka, zamu yake inafuata. Akakataa. Baadaye, shemeki alipoinuka, akaja akakaa kwenye kiti. Nikamfunga taulo shingoni.

Kulikuwa na meli nyingine, akasema, iliyokuwa inafagia pamoja na yao, pacha wa meli yao. Kila meli ilikuwa na mweusi mmoja tu, wa jikoni. Yule wa meli ya pili alikuwa kijana wa Alabama, mfupi, mwongo sana, anaimba vibaya. Meli zilipofungwa bega kwa bega wawili hawa walikaa kwenye masanduku ya viazi, na yule wa Alabama akamnyoa yeye, na yeye akamnyoa wa Alabama. Hakuna mtu mwingine katika meli zile aliyejua kunyoa nywele kama zao, wala aliyejaribu.

Asubuhi moja meli ile ya pili ilipita juu ya bomu. Vita vilikuwa vimeisha, majani ya miti kule pwani yalikuwa yameanza kubadilika rangi. Yeye alikuwa ametoka na birika la kahawa. Aliona maji yanapanda juu meupe, na ilipokuja sauti, tayari meli ilikuwa imekatika. Wakashusha mashua, wakawaokota waliorushwa majini. Waliokuwa juu, karibu wote walipona, wengine wamevunjika miguu. Yeye aliwapa supu. Alizunguka na sufuria akitafuta uso mmoja. Aliyekuwa chini kuleta vitu vya maofisa hakuwa katika mashua yoyote.

"Ulilia?" nikamwuliza. Mashine nilikuwa nimeizima.

"Sikusikia kitu."

Kwetu neno hilo moja ni la sikio na ni la moyo. Kwa Kiingereza chake alitumia lile la moyo. Akaendelea. Aliosha sufuria. Kesho yake alioka mkate kama kawaida. Wiki zikapita, nywele zake zikarefuka, na ofisa mmoja kijana akamsimamisha, akamwuliza kwa nini ni mchafu, kwa nini hanyoi. Yeye akamjibu kwamba kinyozi wake yuko chini ya maji.

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Tafuta mwingine.'"

Nikawasha mashine nikammaliza. Alijipapasa kichwa, akasema kisogoni nimekata sana.

Shemeki wangu alihamia Columbus, mtaa wa Linden, ambako nyumba zilikuwa rahisi na kazi za maghala zilikuwa nyingi. Mwaka uliofuata, kama 2014, binti wa Muzee alinipigia simu siku isiyo Jumapili. Mabaharia wa meli ya baba yake walikuwa wanakutana Reynoldsburg, kando ya Columbus, anakoishi mmoja wao. Zamani walikuwa wanajaa ukumbi na wake zao. Sasa walibaki watatu wanaoweza kusafiri. Baba yake macho hayamruhusu tena kuendesha, yeye mwenyewe ana apointimenti ya hospitali. Je, naweza kumpeleka? Niliomba ruhusa kazini. Nilisema moyoni kwamba nitamwona shemeki pia.

Njia nzima Muzee hakuongea ila kunisomea mabango ya barabarani. Tulipokaribia akaniambia, "Wanataka kuweka jiwe. Kwenye bustani ya kanisa la mmoja wao. Kwa waliokufa katika ile meli nyingine."

"Ni jambo zuri."

"Wameandika majina matatu."

Mkahawa ulikuwa katikati ya maduka, na meza yetu ilikuwa dirishani. Wazee wawili weupe walikuwa wamekwisha kaa. Mmoja, mwenye mashine ya oksijeni pembeni, ndiye aliyekuwa mpiga bunduki, yule wa kulipua mabomu yaliyoibuka. Mwingine, mwembamba, mwenye tai, alikuwa mtu wa redio. Walimfurahia Muzee kweli. Mpiga bunduki alimshika mkono kwa mikono yote miwili, akaniambia, "Bibi, huyu mtu alikuwa anaoka mkate katikati ya dhoruba!" Wakacheka. Muzee aliinua kidole kama anavyowafanyia wavuvi.

Chakula kikaja. Kwa kuwa nilikuwa mgeni, mpiga bunduki alinisimulia mimi. Alisimulia vizuri, mtu aliyekwisha simulia mara nyingi. Bahari ilivyokuwa laini. Maji yalivyopanda. Mashua. "Tuliwaokota wote isipokuwa vijana watatu," akasema. "Watatu, na vita vimekwisha. Na huyu hapa akaja na supu, na ule mkate..."

"Wanne," Muzee akasema.

Mpiga bunduki aliuacha uma hewani. "Watatu, rafiki yangu."

"Wanne."

Mtu wa redio akaweka mkono mezani kwa upole. "Walikuwa watatu. Ujumbe niliupokea mimi mwenyewe. Bado nausikia."

"Ulisemaje?" Muzee akauliza.

"Nini?"

"Ujumbe. Useme ulivyousikia."

Mtu wa redio alifumba macho. Mhudumu alikuja na birika, akatuona, akarudi. Midomo ya yule mzee ilianza kwenda kabla ya sauti. "Wamepotea mabaharia watatu," akasema. Akakatiza. Alifumbua macho, hakumwangalia mtu yeyote. "Na mtumishi mmoja."

Nilisikia mashine ya oksijeni ikipumua.

"Ndivyo walivyotuma," mtu wa redio akasema. "Mabaharia watatu na mtumishi mmoja. Sijui kwa nini mimi... Nimesema watatu maisha yangu yote."

Muzee akataja jina la yule kijana wa Alabama, jina lote, la kwanza na la baba. Jina hilo silitaji hapa. Alilisema mara moja tu.

Mpiga bunduki ndiye aliyelia. Alilia kama mtoto, ile mirija ya oksijeni puani, mtu wa redio akimtafutia leso. "Miaka yote hii ulikuwa unanisikia nasema watatu," akamwambia Muzee.

"Nilikuwa nakusikia."

"Kwa nini hukunisahihisha?"

"Nilisema kila mwaka. Hadithi ilikuwa inafika kwenye mkate wangu, mnaanza kucheka." Alisema bila ukali, kisha akamgeukia mhudumu aliyekuwa amejificha karibu na kaunta na kuinua kikombe chake kuomba kahawa.

Walikubaliana pale pale kwamba jiwe litachongwa majina manne. Mtu wa redio aliahidi kulishughulikia. Wakaagana mlangoni. Mpiga bunduki alimkumbatia na kumng'ang'ania, na mikono ya Muzee ilibaki imenyooka pembeni, halafu mmoja ukapanda, ukampiga yule mtu mgongoni kidogo, kama unavyopiga unga.

Kwenye gari nilingoja. Tulipotoka kwenye maduka nilishindwa kujizuia, nikamwuliza anajisikiaje.

"Nilidhani siku wakisema wanne nitasikia kitu," akasema.

"Na umesikia?"

Alifikiri kwa dhati kabisa. "Njaa," akasema. "Sikula."

Basi nikampeleka Linden kwa shemeki, aliyekuwa amepika ugali na sombe, yale majani ya muhogo ya kwetu. Walikaa kwenye kochi mbele ya televisheni, sahani magotini, na shemeki, ambaye sasa Kiingereza kimeingia, alimweleza mambo mengi ya ghala, ya skana na ya supavaiza. Muzee alimaliza sahani, akaomba nyingine. Shemeki akaniambia pembeni, "Huyu muzee amekonda. Munamukulisha kweli kule?"

Picha ya jiwe ilikuja kwa posta baada ya miezi michache. Majina yalikuwa manne. Muzee aliivalia miwani, akaisogeza karibu na dirisha. "Wamekosea herufi moja," akasema. Nilikasirika, nikataka tumpigie simu mtu wa redio hapo hapo. Akakataa. Alisema yule kijana mwenyewe alikuwa anakosea jina lake, leo hivi, kesho vile. Akaiingiza picha kwenye droo ya vijiko.

Mwisho wa Buffalo ulikuja haraka. Alianguka jikoni, nyonga ikavunjika. Binti yake akaja na gari, akakaa hospitalini siku zote zile, kisha akasema anampeleka Louisville akae naye. Nyumba ikauzwa. Mwenye nyumba mpya alipaka kuta rangi ya majivu, akapandisha kodi, akatengeneza besimenti iwe chumba cha kupangisha. Sisi tukafuata njia ya shemeki, tukahamia Columbus. Nikaacha kuhudumia wazee, nikaingia ghala moja na mume wangu, shifti tofauti. Simu ya Jumapili iliendelea, ila sasa mimi ndiye niliyeuliza.

Nilimwona kwa mara ya mwisho mwaka 2016, majira ya kuchipua. Nilikuwa na siku mbili za mapumziko. Esther, aliyekuwa amepata leseni, aliendesha mpaka Louisville huku akinikataza kushika dashibodi. Binti wa Muzee, mwalimu mstaafu mwenye urefu wa baba yake, alitupokea kwa furaha, akamchukua Esther jikoni wamalize kupika, akaniambia baba yuko nyuma ya nyumba. Aliniambia nisishangae. Siku nyingine anajua watu, siku nyingine hajui.

Alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, kwenye majani, jua limempiga usoni. Alikuwa amebaki mifupa na masikio. Nilivuta kiti cha plastiki nikakaa karibu naye, nikamsalimu. Hakusema jina langu, wala sikujua kama amenitambua. Tuliangalia mbwa wa jirani akizunguka ua. Nilimweleza habari za watoto, za ghala, kwamba shemeki ameoa. Aliitikia kwa kichwa mahali panapofaa, kama watu wanavyofanya kwenye simu mbovu.

Kisha akanigeukia. Macho yalikuwa na ukungu lakini yalinishika.

"Vita vyenu," akasema, "viliisha mwaka gani?"

Tangu siku tuliyopanga kwake hakuwahi kuniuliza nilikotoka wala kwa nini nilitoka. Maofisa waliniuliza, tena na tena, kambini na ofisini, nami nikajibu kwa tarehe na majina ya vijiji mpaka majibu yakawa kama ya mtu mwingine. Majirani waliuliza kwa huruma, nikawajibu kwa ufupi. Watoto wangu hawakuuliza, na mimi nilishukuru.

"Sijui, Muzee," nikamwambia. "Walitutangazia mara mbili kwamba vimeisha."

Alingoja.

"Mara ya pili tuliamini. Tulirudi nyumbani kutoka porini. Kaka yangu alikuwa na mlango mpya, alitaka kuutia rangi. Mimi nilikuwa nafua."

Nilikomea hapo. Kwa kawaida huwa naishia hapo. Sikusikia kitu kifuani, kama siku zote, mikono yangu ilikuwa mapajani imetulia, na sauti yangu ilikuwa ya mtu anayesoma bili.

"Rangi gani?" akauliza.

Hakuna ofisa aliyewahi kuniuliza hilo. "Ya bluu," nikasema. "Ilikuwa imebaki kutoka shuleni. Alikuwa amefika nusu ya mlango." Nikaendelea. Nilimwambia waliokuja walitokea upande gani, na nani alipiga kelele, na kwamba mimi niliendelea kusuuza shati moja, nikalisuuza, nikalikamua, nikalianika, kabla ya kugeuka. Nilimwambia nililoliona nilipogeuka. Mengine yalikuja kwa Kiswahili, sikujirekebisha, naye hakuniomba nirudie.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Binti yake alisimama pale na kitambaa cha jikoni begani, Esther nyuma yake akiniangalia, maana alikuwa amenisikia.

"Baba, chakula kiko mezani," akasema. "Kinapoa."

Muzee hakugeuka. Mkono wake, mkavu na mwepesi, ulikuwa umeshika ubavu wa kiti changu cha plastiki.

"Kuleni ninyi," akasema. "Bado hajamaliza."